Presha ya Tarishi

Nani alisema presha ni ugonjwa wa matajiri? Ajitokeze tu. Maana presha nimeshapewa, utajiri bado nausubiri. Nesi kanifunga kile kitambaa mkononi, kakipuliza, katazama namba, kanitazama mimi: "Baba, umekuja kwa miguu?" Sasa nije kwa helikopta? Halafu nimekaa kwenye lile benchi tangu alfajiri. Presha ya kutembea si ingeshashuka yenyewe!

Daktari naye: punguza chumvi, fanya mazoezi, punguza mawazo. Chumvi nitaongea na mama watoto. Mazoezi? Natoka Manzese kiza hakijaisha, nagombania daladala mpaka Posta, halafu kutwa nzima napanda ngazi na mafaili, kwa sababu lifti ikipona ni ya wageni. Bosi wetu wa Masaki yeye anapanda gari kwenda kulipia mashine, akimbie palepale aliposimama. Ana presha? Thubutu! Anang'aa kama kisigino cha bi harusi.

Kwenye mawazo ndipo nilipocheka. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo. Maji tunanunua kwa dumu, na ukipiga hesabu ya lita, tunalipa zaidi kuliko wenye bomba wanaomwagilia majani. Majani, jamani, hata hayaliwi! Niache kuwaza lipi hapo?

Kijana wetu wa fildi akaniambia, "Mzee, hata Uingereza ni hivyo hivyo." Eti mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya za wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali pale London. Wote wana ajira, matibabu ya serikali. Lakini wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya wakubwa wao. Wa chini ndio akina nani? Matarishi na mabawabu! Nikamwambia rudia hapo. Akarudia, akaongeza: kila ngazi ilikuwa nafuu kuliko iliyo chini yake. Nikadakia, "Walikuwa wavuta sigara hao." Walivuta kweli, lakini hata ukiiweka sigara pembeni, pengo kubwa linabaki. Mwaka 1985 profesa mmoja, Michael Marmot, akaanza tena na kundi jipya, safari hii na akina mama wamo, ikaonekana asiye na kauli juu ya kazi yake moyo unamsumbua zaidi.

Kauli! Mbona daktari hakuniandikia hiyo?

Kesho yake bosi kanipa bahasha: peleka Kariakoo, pita njia hii, kimbia. Nikapita njia ninayoitaka mimi. Nikaingia kwa mama ntilie, nikavuta kiti kivulini, nikaagiza mchemsho usio na chumvi. Kijiko cha pili, simu ikaita.

"Uko wapi wewe?"

"Nameza dozi, bosi."