Chungu cha Guyana na siasa zake

Asubuhi ya Krismasi nchini Guyana, Amerika Kusini, familia za kila asili hula pepperpot: nyama iliyopikwa taratibu kwa mdalasini, pilipili na cassareep. Cassareep hutokana na muhogo mchungu, na ujuzi wake ni wa wenyeji asilia. Huukuna muhogo, wakaujaza kwenye matapi, mfuko mrefu wa kusukwa, na kuuvuta hadi maji yenye sumu yachuruzike. Maji hayo huchemshwa mpaka sumu iishe, ibaki rojo nyeusi nzito. Nyama iliyopikwa kwa rojo hiyo, ikichemshwa kila siku, hukaa siku nyingi bila friji.

Wengine nao walileta vyao. Cook-up, wali wa nazi unaopikwa pamoja na kunde na nyama, ni urithi wa Waafrika waliopata uhuru kamili kutoka utumwani mwaka 1838. Mtu wa Pwani yetu angeutambua kwa harufu tu. Mwaka huohuo meli za Whitby na Hesperus zilishusha Wahindi wa kwanza wa mkataba, vibarua waliofungwa kufanya kazi kwa miaka kadhaa, kwenye mashamba ya miwa. Hadi 1917 walikuwa wameletwa karibu 239,000, na roti, ndugu ya chapati, na kari zikaja nao. Wareno wa kisiwa cha Madeira walikuja na nyama ya nguruwe ya kitunguu saumu na siki, Wachina na chow mein, tambi za kukaangwa.

Wanaoamini kaulimbiu ya taifa, "Watu Wamoja, Taifa Moja, Hatima Moja", huona ushahidi wao mezani. Wana hoja nzito. Hakuna serikali iliyomwamuru Mwafrika ajifunze kusukuma roti, wala Mhindi kupika cook-up. Watu walifundishana wenyewe, jirani kwa jirani.

Wakosoaji hujibu kwa siasa. Tangu viongozi wa kupigania uhuru Cheddi Jagan, Mhindi, na Forbes Burnham, Mwafrika, watengane mwaka 1955, kwa miongo mingi vyama viwili vikubwa viliegemea zaidi Wahindi upande mmoja na Waafrika upande mwingine. Kati ya 1962 na 1964 damu ilimwagika baina ya jamii hizo. Mwaka 2020 matokeo ya uchaguzi yalibishaniwa kwa miezi mitano.

Kisa cha unga wa ngano ndicho kinachonionyesha ukweli wa pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Burnham ilipiga marufuku kuuingiza nchini, ikisema inaokoa fedha za kigeni na kukuza mazao ya nyumbani. Watu wakahangaika na unga wa mchele. Wahindi wengi waliona wamelengwa wao, kwa kuwa hata sadaka ya ibada za Kihindu hupikwa kwa unga huo. Lakini Waafrika nao walikosa mkate, na roti ambayo tayari ilikuwa yao pia. Njaa ilikuwa ya wote. Tafsiri yake ikafuata kabila.

Kuhusu wenyeji asilia, nawaunga mkono wakosoaji bila kusita. Katika sensa ya 2012 walikuwa asilimia 10.5 ya watu. Pepperpot inaitwa chakula cha taifa, na kila Septemba ni mwezi wa kuenzi urithi wao, huku vijiji vyao vikiendelea kugombania mipaka ya ardhi, na zebaki ya wachimba dhahabu ikiingia kwenye mito wanayovua samaki. Wapimiwe kwanza ardhi wanayolimia muhogo huo.