Lupu za ftrace: mbona tunazichukulia poa hivi?

Zikitajwa tu lupu za ftrace (chombo cha kutresi, yaani kufuatilia funksheni zinavyoitwa) kwenye kerneli ya Linux utasikia, achana nazo bana, zinazunguka pale tu mtu anapobadilisha mipangilio ya tresi. Na ni kweli, tresi ikiwa imezimwa funksheni kwenye x86 inabaki na nop (agizo lisilofanya kitu) ya baiti 5 tu pale mwanzoni, prosesa inapita kama hakuna kitu. Hapo siwabishii.

Ila hebu tupige hesabu. Kerneli za distro za kawaida zina funksheni zaidi ya 40,000 zinazotresika. Ukiandika jina moja kwenye set_ftrace_filter, faili la kuchagua funksheni za kutresi, lupu inapitia rekodi zote (kila funksheni ina yake), na kila rekodi anwani yake inatafutiwa jina kwanza ndo lilinganishwe na lako, na kutafuta jina ndo kunakokula muda maana majina yamehifadhiwa yakiwa yamebanwa. Sasa weka majina 1,000. Mara milioni 40! Milioni 40 ili upate funksheni elfu moja, na kila jina likisakwa loku (kufuli) inashikwa, mwenzako anayetaka kubadili tresi yake akae asubiri. Ndo maana waliruhusu uandike namba ya indeksi badala ya jina, na kuna lupu ilibidi iongezewe cond_resched ili iachie prosesa katikati, la sivyo soft lockup, onyo la kerneli kwamba prosesa imeng'ang'aniwa, inaanza kulalamika (kwa kawaida baada ya kama sekunde 20). Kitu kisicho na maana kingesumbua watu hivyo?

Wanaokataa pachi za kuongeza `break` ili lupu itoke ikishapata inachotafuta nao wana lao, tena zito. Makro ya kupitia rekodi ni lupu mbili zilizofichwa, kwa hiyo `break` inakutoa ya ndani tu, ya nje inaendelea, inabidi utumie `goto`. Halafu wengi hawajui hili: funksheni za static (zinazojulikana ndani ya faili lake tu) zinaweza kugongana majina kwenye faili tofauti, sasa ukisema nimeipata natoka, umeziacha zingine bila tresi na hakuna kosa lolote litakaloonekana.

Kwa hiyo mimi nauliza tu lupu inatafuta nini. Kama ni anwani, haijirudii, na rekodi zikishapangwa, ukitafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, 40,000 zinakuwa hatua 16 hivi. Kama ni jina, usiguse hiyo `break`, pambana na gharama ya kulitafuta jina lenyewe.