Gari la Sura ya Kizamani Lipimwe Jumatatu

Kila anayeniuliza habari za gari langu huanza na swali lilelile: linapanda mlima? Linapanda. Limepanda mara nne, labda tano, katika miaka mitatu niliyokaa nalo. Siku zilizobaki limekwenda kazini, shuleni, sokoni na hospitali, likisota kwenye foleni na uso wake wa kibabe kama komandoo aliyetumwa posta.

Ni la lile kabila la taa za mviringo, kioo cha mbele kilichosimama wima, bodi ya pembe nne na tairi la spea mgongoni. Nililipenda kabla sijashika usukani wake. Kulinunua sijuti; ninachojutia ni pale nilipolipimia. Aliyeniuzia alinipeleka kwenye njia ya mawe, akalipitisha mahali ambapo hata mbuzi angesita, nami nikarudi nimelewa. Wala sikukumbuka kuomba nilirudishe kinyumenyume katikati ya nguzo mbili za maegesho. Nguzo ya kwanza nilikutana nayo wiki hiyohiyo.

Lawama nusu ni ya tairi la spea. Picha zote za magari haya hupigwa likionekana vizuri, na kweli linapendeza. Lakini ukiwa ndani linakula sehemu ya kioo cha nyuma, na linaongeza urefu ambao macho yako hayauzoei upesi. Tena kwa uzito wake mlango wa nyuma hauwezi kuinuliwa juu, kwa hiyo hufunguka ubavuni kama wa kabati. Mtu akiegesha karibu nyuma yako, mizigo yako imefungiwa mpaka aondoke. Na angalieni bawaba ziko upande gani. Mengi yaliyobuniwa Japani, ambako magari hupita kushoto, yana bawaba kulia ili upakie ukiwa umesimama kando ya barabara. Lipeleke gari hilohilo nchi ambayo magari hupita kulia, na mlango unasimama kama ukuta kati yako na hiyo kando. Jambo dogo, ndiyo, ila hulifanya kila siku.

Mbunifu akiamua sura itangulie, bili huletewa wanaokaa nyuma. Chukua Toyota FJ Cruiser, gari la 2006 lililovaa sura ya Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1960. Kioo chake cha mbele ni kifupi na kipana hadi kikahitaji vaipa tatu. Nguzo za bodi kwa nyuma ni nene, madirisha ya nyuma ni kama ya ngome, na milango midogo ya nyuma haifunguki mpaka ile ya mbele ifunguliwe kwanza. Nalipenda gari hilo kupita maelezo, na nikiwa peke yangu ningelinunua kesho. Nikiwa na watoto wawili na mvua inanyesha, hapana.

Mama yangu alipoliona langu kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni, akapima kwa macho kimo cha kiti, akaniuliza, "Mwanangu, hili ni gari au ni dari?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamtafutia kigoda.

Halafu kuna upepo. Uso wa sanduku haukati hewa, unaisukuma, na nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, upinzani unazidi mara mbili. Ndiyo maana gari linaloonekana la kuridhisha mjini huanza kunywa mafuta na kupiga mluzi kwenye barabara kuu. Wengine huliongezea matairi ya matope yenye meno makubwa, kwa ajili ya sura tu, halafu wanashangaa mbona redio haisikiki na mbona kwenye lami yenye maji breki zinachelewa. Matairi hayo waachieni wenye matope.

Wapo pia wanaoamini kwamba kwa kuwa lina nguvu ya magurudumu manne, mvua ya mjini haiwahusu. Kwenye mengi ya magari haya, hasa yenye mfumo wa zamani, magurudumu manne huunganishwa pale tu unapochagua, na hakuna difu ya katikati inayoruhusu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa tofauti. Ukikata kona nayo kwenye lami kavu, vyuma vinavutana ndani kwa ndani. Maana yake ni kwamba karibu siku zote unaendesha gari refu la kwenda juu linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojichanganya, kwa sababu sura moja huficha vitu viwili tofauti. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika baadhi ya magari haya, kipande cha mti ndicho hasa unachouziwa. Suzuki Jimny ya 2018 ina chasisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma yenye umbo la ngazi ambayo bodi hukaa juu yake, na ekseli nzima, mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, mbele na nyuma, kama mababu zake. Ineos Grenadier vilevile, pamoja na usukani wa mfumo wa zamani ambao haujirudishi katikati kwa wepesi uliozoea. Hayo ni ya kizamani mpaka mifupani. Kwa upande mwingine, Land Rover Defender ya zamani ilikoma kuundwa kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016, na iliyozinduliwa 2019 haina chasisi ya ngazi kabisa: bodi moja ya aluminiamu, kila gurudumu likipanda na kushuka peke yake.

Wapenzi wa ile ya zamani waliibeza, wakasema ni gari la kwenda dukani. Hilo gari la dukani linavuka maji ya sentimita 90. La zamani lilikuwa linaruhusiwa 50. Sina la kuwaongezea.

Msimamo wangu ni huu: kama kila siku unakula barabara kuu, chukua lenye sura ya babu na mwili wa mjukuu, hata wenzako wakikucheka. Kama safari zako ni fupi, za taratibu, na barabara mbovu, basi la ekseli nzima linavumilika, na Jimny kwa ufupi wake ndilo rahisi kuliko yote kuegesha. Ila litazame kwa macho makavu. Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, buti yake ni lita 85, yaani mkoba na nusu, na katika vipimo vya usalama vya Euro NCAP vya 2018 lilipata nyota tatu kati ya tano. Ukiyajua hayo ukalichukua, kipendacho roho hula nyama mbichi, na mimi ni wa mwisho kukuzuia.

Mwombe tu muuzaji akuachie gari Jumatatu asubuhi. Wapakie wote watakaolipanda, kila mtu kwenye kiti chake, na mabegi yao. Ingia foleni, tafuta maegesho, shusheni, pakieni tena. Njia ya mawe itakuwepo tu.

Kigoda cha mama sasa kina makazi ya kudumu nyuma ya kiti cha dereva. Juzi nilikitoa ili nilisafishe gari, nikakisahau nyumbani. Alifungua mlango, akatazama chini, akaufunga taratibu, akaniambia anasubiri.