Tuache Kuhesabu Mapaa ya Zahanati

Shirika la Afya Duniani lina kipimo chepesi: vituo 2 vya kutolea huduma kwa kila watu 10,000. Kwa Lindi, kusini mwa Tanzania, hesabu yake ni ya dakika moja. Sensa ya 2022 iliukuta mkoa una watu 1,194,028, basi vinatakiwa vituo kama 239. Mtwara, yenye watu 1,634,947, inahitaji kama 327. Jedwali limejaa, lakini halijatuambia lolote kuhusu mama wa kijiji cha ndani huko Liwale anayeshikwa na uchungu saa nane za usiku katikati ya masika.

Uwiano wa vituo kwa watu unaificha ardhi. Lindi ina takriban kilomita za mraba 66,000, Mtwara haifiki 17,000. Kwa wastani wa mkoa, watu 5,000 wa Mtwara wanakaa kwenye kilomita za mraba 50 hivi. Idadi hiyohiyo kwa Lindi imetapakaa kwenye 270 na zaidi. Hata ukiondoa mapori ya hifadhi, pengo linabaki kubwa. Kwa hiyo kinachofaa kupimwa ni muda wa safari kwa usafiri ambao watu wanautumia kweli, yaani miguu, baiskeli na bodaboda, na upimwe mara mbili: kiangazi, kisha masika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, idadi ya majengo haikupungua hata moja. Iliyopungua ni njia ya kupitisha mgonjwa na dawa.

Tukiingia ndani ya jengo, kosa la pili ni wastani. Dodoso za utayari wa huduma huhesabu vitu vilivyopo, kisha hutoa asilimia moja ya jumla. Chukua vitu vitano vya kumhudumia mzazi, na kila kimoja kipo kwenye zahanati 80 kati ya 100. Ripoti itaandika utayari wa asilimia 80. Lakini kama upungufu wa kitu kimoja hauhusiani na wa kingine, zahanati zenye vyote vitano kwa pamoja ni kama 33 tu. Mama anayetokwa damu anavihitaji vyote kwa saa ileile. Naona takwimu hiyo ya pili ndiyo iandikwe ukurasa wa kwanza, na ya wastani ikitakiwa sana iwekwe kwenye kiambatisho.

Tena neno "ipo" lina kazi kubwa kuliko alama ya vema. Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kwa utaratibu wa sindano za misuli, dozi ya kuanzia ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa na 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Ampuli ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 50 ina gramu 5. Zahanati yenye ampuli moja kabatini itawekewa vema, na haiwezi kumwanzishia dozi kamili hata mgonjwa mmoja kabla ya rufaa, zinatakiwa tatu. Hapo hujauliza kalsiamu glukoneti, ambayo lazima iwe karibu mgonjwa akizidiwa na dawa na pumzi ikaanza kumpungua.

Oksitosini, sindano ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, nayo hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Mpimaji asiishie kuona kichupa. Afungue jokofu, asome kipimajoto, aangalie karatasi ya joto kama imejazwa asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Joto la pwani halina huruma: dawa iliyokaa juu ya kabati inapungua nguvu wakati tarehe ya mwisho bado iko mbali, na kwa macho haionyeshi dalili yoyote. Ambu ya mtoto mchanga, yaani mfuko wa kumsukumia hewa asiyepumua, ijaribiwe palepale. Ziba mdomo wa barakoa kwa kiganja, minya. Usipohisi hewa ikikusukuma mkono, hiyo ihesabu kuwa haipo. Barakoa ziwepo namba 0 na namba 1.

Kuhusu watumishi, kusoma ikama, yaani orodha ya waliopangiwa kituo, hakutoshi. Mtu yumo kwenye orodha huku yuko semina, likizo au masomoni. Kinachohesabika ni nani yuko zamu, na zamu ya usiku ndiyo yenye ukweli. Ziara iliyotangazwa wiki moja kabla hukuta jokofu limesafishwa na vifaa vimeazimwa kituo cha jirani.

Ziara ya siku moja ina upofu wake pia, kwani dawa inaweza kuwa imefika jana. Tiba ya upofu huo ni leja ya dawa: hesabu siku ambazo salio lilikuwa sifuri kwa miezi mitatu iliyopita, kisha linganisha na rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa ambamo kituo huandika wagonjwa na huduma. Leja ikionyesha vipimo vya haraka vya malaria vimeisha tarehe 10 na rejista inaendelea kuandika waliopimwa hadi tarehe 25, kaa na mganga mfawidhi mpitie ukurasa kwa ukurasa, bila kumtisha. Mara nyingi ni maandishi yaliyochelewa.

Matokeo yapelekwe halmashauri kwa jina la kila zahanati na kitu kinachokosekana, na nakala ibaki kwa kamati ya afya ya kituo. Mganga mkuu wa wilaya hawezi kuagiza asilimia 80. Anaweza kuagiza ampuli mbili zilizopungua, kipimajoto cha jokofu, na barakoa namba 0.