Dogo anarusha na anapiga, kwa hiyo tumchukue kwa lipi?

Kuishi Florida bila kuingizwa kwenye besiboli ni ngumu sana, na mimi iliyoniteka sio ile ya kwenye tivi bali ya vyuo, hasa pale Gainesville kwenye chuo kikuu cha Florida. Misimu ya 2023 na 2024 walikuwa na dogo anaitwa Jac Caglianone, mkono wa kushoto, anarusha mpira unafika maili 99 kwa saa yani kama kilomita 159, afu siku zingine zote unamkuta besi ya kwanza na bati mkononi anatoa mipira nje ya uzio. Homu rani 33 msimu wa 2023, 35 msimu wa 2024, na kuna kipindi alipiga homu rani mechi 9 mfululizo akaifikia rekodi ya vyuo vyote vya daraja la juu.

Washkaji wa Dar nikiwasimulia jibu lao ni moja, si ndo Ohtani mwingine huyo, yule Mjapani wa ligi kuu anayerusha na kupiga, mwacheni afanye vyote. Na hapo ndo huwa hatuelewani kabisa.

Mimi naona mchezaji wa hivi unamwandikia ripoti mbili kama vile ni watu wawili hawajuani, afu kila mmoja unamuuliza, wewe peke yako ningekuchukua? Caglianone wa bati jibu ni ndio, raundi ya kwanza ya drafti, ule utaratibu wa timu kuchagua vijana kwa zamu, bila kikao, ingawa ana tabia ya kufukuzia mipira inayopita nje ya eneo la kupigwa ambayo angeiacha ipite tu. Caglianone wa kurusha sasa, spidi ipo lakini shabaha hamna. 2023 alitoa woki zaidi ya 50 kwenye inningi 70 na ushee (mechi moja ni inningi tisa), na woki kwa asiyejua ni pale mrushaji anakosa shabaha mara nne, mpigaji anatembea bure mpaka besi ya kwanza bila hata kutoka jasho. Juu ya hapo kiwiko kilishafanyiwa ile operesheni ya Tommy John, ya kubadilisha ligamenti iliyochanika, tangu yuko sekondari, 2022 hakurusha kabisa. Huyo wa pili mimi ningeacha raundi ya kwanza ipite bila kumgusa.

Drafti ya Julai 2024 Kansas City Royals wakamchukua namba 6, jina likatangazwa kama mchezaji wa pande zote mbili, wakamsainisha kwa karibu dola milioni 7 na nusu, kisha kwenye kazi yenyewe wakampa bati tu. Mashabiki walilalamika sana, mi nikasema wana akili hawa. Muulize Brendan McKay wa Louisville, namba 4 mwaka 2017, Tampa Bay Rays walijaribu kweli kumlea kwa vyote viwili, akafika ligi kuu 2019 na alianza vizuri tu, baada ya hapo bega, baadae kiwiko, mkono ukamtoa kwenye ramani. Ohtani ni Ohtani, huwezi kuandika bajeti ya timu ukimtegemea mtu ambaye kizazi kizima kimetoa mmoja.

Ila kinachonifanya niandike sio Royals, ni jinsi wasaka vipaji wa timu wanavyopima. Nyuma ya mpigaji pale unawakuta wazee wamekaa na mashine za rada mkononi, kila mpira ukirushwa zinanyanyuliwa zote kwa pamoja, mwingine ana saa anahesabu sekunde kutoka bati mpaka besi ya kwanza. Wanatoa maksi kuanzia 20 hadi 80, na 50 ndo mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, kwa hiyo dogo wa chuo akipewa 45 sio tusi. Na wanarudi. Mwaka huu, mwaka ujao, maana aliyeingia chuo cha miaka minne kwa kawaida hachukuliki tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21.

Sasa kwetu. Samatta Mazembe walimwona kwa sababu Simba ilipangwa nao 2011 na akawasumbua, wakamnunua. Tunashukuru, lakini ratiba ingepangwa vingine je? Wangapi wametoka UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, au ndondo za mtaani wakapotea kwa vile siku ambayo mtu wa timu alikuja wao walikuwa na malaria? Afu sisi kabla hatujauliza anacheza vipi tunauliza ni kijeba, yani amepunguza umri, au sio kijeba, nusu ya mjadala inaishia kwenye cheti cha kuzaliwa. Kumbukumbu za mechi hakuna, kuna stori ya kocha tu na kocha mwenyewe ana mpwa wake kwenye timu.

Lakini msinielewe vibaya, sio kila kitu chao ni dhahabu. Hii drafti yenyewe ukiileta Bongo watu watachoma uwanja, mchezaji hachagui timu, timu mbovu ndo zinawekwa mbele, na siku hizi kuna bahati nasibu juu. Royals walipoteza mechi 106 mwaka 2023 na bado bahati nasibu ikawasukuma mpaka namba 6. Jaribu kumwambia shabiki wa Yanga kwamba striker bora wa nchi anaenda timu iliyoponea kushuka daraja kwa sababu ndo utaratibu.

Na kitu kingine nyumbani tunawashinda, mtoto wa mtaani anakaa golini asubuhi jioni ni namba tisa, hakuna anayemkataza. Hapa ukishawekewa mamilioni mlango mmoja unafungwa siku hiyo hiyo, na ni hesabu tu, mkono wa kurusha ukikatika na bati linakaa nje miezi kadhaa.

Caglianone mwenyewe alipanda ligi kuu Juni 2025 na msimu huo wa kwanza ulimtesa, wastani wa kupiga ulibaki chini ya .200, yani hakufikisha mara 2 kwa kila 10, na washkaji wameshanianza kwenye grupu, si ungemwacha arushe. Arushe nini, hizo woki? Mpeni muda na bati lake ajifunze kuacha mipira ya nje ya eneo, na siku Royals wakimpandisha kurusha mechi ambayo matokeo bado hayajaamuliwa, nyama choma ya grupu zima iko juu yangu.