Acheni kumwambia mwenye IBS kwamba ni stresi tu

Kuna kitu kinanikera sana jamani. Mtu ana IBS, yaani ule ugonjwa wa utumbo kusumbua muda mrefu, tumbo linamtesa miaka na miaka, wiki hii anaharisha, wiki ijayo choo hakitoki, gesi imejaa, kapima amiba, taifodi, vidonda vya tumbo, kote hamna kitu, halafu anaambiwa "punguza mawazo, wewe huumwi". Anarudi nyumbani na maumivu yake yaleyale na aibu juu.

Anaumwa. Na vinasaba vinamtetea. Mwaka 2021 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature Genetics, wagonjwa 53,400 walilinganishwa na watu zaidi ya laki nne wasio na IBS, zikapatikana sehemu 6 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu, na 4 kati ya hizo ama zinahusiana na magonjwa ya wasiwasi na sonona, ama zinafanya kazi kwenye mfumo wa fahamu, ama vyote viwili. Sasa hapo watu wanarukia kusema si mnaona, ni mawazo! Hapana. Watafiti wenyewe walisema inavyoelekea tumbo na wasiwasi vina chanzo kimoja, sio kwamba wasiwasi ndio unazaa tumbo.

Ila msije mkakata tamaa kwamba ni damu ya ukoo basi imeisha. Tofauti za vinasaba zilizopimwa pale zinaeleza kama asilimia 6 tu ya nani anaugua. Utafiti wa mapacha Marekani mwaka 2001 ulikuta pacha wa kufanana wa mgonjwa naye anaumwa kwa asilimia 17 hivi, wasiofanana 8, kwa hiyo kurithi kupo, lakini kuwa na mama mwenye IBS kulikuwa na uzito zaidi kuliko kuwa na pacha mwenye IBS. Yaani na malezi yamo. Shangazi yangu akifika harusini kabla hajakaa anauliza choo kiko wapi, pilau anaisogeza pembeni, na binti zake wanafanya hivyohivyo, nani atatenganisha hapo damu na mazoea?

Wapo wagonjwa wa IBS wachache, kama asilimia 2, wenye hitilafu kwenye jeni ya SCN5A inayojulikana zaidi kwa mambo ya moyo. Mmoja wao alikuwa hapati choo, akapewa mexiletine, dawa ya mapigo ya moyo, choo kikakaa sawa. Mtu kama huyo ungemwambia apunguze mawazo mpaka lini?

Kinachoniuma ni kwamba ule utafiti wa 2021 ulisimama kwenye watu wenye asili ya Ulaya. Kule Walkerton, Kanada, maji ya bomba yalichafuka mwaka 2000, maelfu wakaharisha, wengine wakabaki na IBS miaka mingi, na watafiti wakawafuatilia mpaka kwenye vinasaba vyao. Sisi kuhara kwa maji machafu tunakujua kila masika, basi na damu zetu ziingizwe kwenye hizo tafiti, na serikali zetu zitoe hela.