Jini la Idi Lilikuwa Mimi

Kwanza, sikuzimia. Yule mwenzangu wa kibanda cha swichi aliyewatumia video na kuandika "fundi kazimia mikononi mwa jini" ni mwongo. Nilifumba macho tu, kwa hiari yangu.

Mwalijua lile jini la jenezani kwenye treni ya giza, ile ya kutisha watu sikukuu, ambayo fundi wake ni mie: sanamu linaloinuliwa na hewa behewa likipita. Idi pili, foleni imefika getini, likaanza uvivu: behewa likishapita ndipo lainuka, kama mzee anayeamshwa daku. Ugonjwa huo ni maji. Hewa ya Mombasa ina unyevu, kompresa ikiibana maji hubaki tangini, na usipoyafungulia kila asubuhi yatasafiri na mipira ya hewa hadi kwenye valvu, yakaziba kwa kutu vile visailensa vya shaba vinavyotolea hewa. Hewa ikikosa pa kutokea, silinda inayoliinua jini yajikokota. Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye mahamri na mbaazi. Haya, semeni.

Nikafunga hewa ya kompresa. Umeme nikauacha, nipate taa. Nikakaa juu ya mapaja ya jini, mgongo nimeligeuzia, nikafungua visailensa vyote viwili. Kumbukeni: hivyo hivyo ndivyo vinavyopunguza kasi yake. Tena chini ya jeneza kuna katangi ka lita 5 ka kulipatia jini nguvu ya ghafla, na nilikuwa nimekasahau, kameshiba hewa ya mgandamizo wa baa 6. Silinda ya milimita 50 kwa baa 6 yasukuma karibu kilo 120. Mie nina 68.

Nikamwita mwenzangu kwa redio: "Usilete watu!" Redio zetu, ukisema kabla kitufe hakijashika, silabi za mwanzo zapotea. Akasikia "lete watu." Akaleta.

Nikasikia magurudumu. Nikaona nuru ya sensa ukutani, ile inayoliamsha jini, ikikatwa na behewa la kwanza. Valvu ikasema *tik*. Wallahi, kati ya ile *tik* na kilichofuata nilipata muda wa kuwaza neno moja: katangi.

Nyuma yangu hewa ikapiga kama gurudumu la lori lililopasuka. Kifua cha jini kikaniingia mgongoni, mikono yake ya mpira ikanikumbatia shingo, nikakunjwa mbele hadi uso ukatoka nje ya jeneza, taa ya kijani chini ya kidevu, spana mdomoni. (Ndiyo, mdomoni. Mikono ilikuwa na visailensa.) Hapo mashine ya moshi nayo ikatimiza wajibu wake: sekunde 3 za maji na glikoli, vuguvugu, tamutamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, zote puani. Nikataka kusema "simamisha." Kilichotoka ni "mmmhaaa."

Watoto hawakulia hata mmoja. Mmoja akasema, "Jini la leo lina miwani!"

Behewa la pili, jini likanilaza, likaniinua tena. Humo alikuwamo mama mmoja wa buibui, Ayatul Kursiy mdomoni, champali mkononi. Alinipata utosini. Akanikodolea macho. "Ee! Si mpangaji wangu huyu?" Akanipiga ya pili, hiyo nadhani ya kodi.

La tatu, la nne, hewa ya katangi ikizidi kupungua. Mara ya mwisho jini halikuwa na nguvu ya kuinua mtu; lilinipapasa tu mgongoni, kama lanipa pole.

Goti limevimba, kisailensa kimoja hakijaonekana mpaka leo. Siku hizi nazima umeme, nafunga hewa kwa kufuli, ufunguo mfukoni, nakafungulia katangi hadi geji isome 0, ndipo napanda jenezani. Na redioni nasema "Simama!" mara tatu.

Jana magharibi mlango ukabishwa. Mama mwenye nyumba, champali ileile mguuni.

"Hodi, jini. Ya mwezi huu waleta lini?"